Iksora fupi zinageuka manjano hapa Bamburi, nimekosea wapi?

MamaSwaleh_Bamburi
Assalaam aleikum ndugu zangu. Naomba ushauri, na msinicheke, mwenyewe nimeshajicheka vya kutosha.

Mwaka jana karibu na vuli nilinunua miche 12 ya iksora, zile fupi za majani madogo na maua mekundu, kwa muuza miche wa kando ya barabara. Akaniambia hazitapita kiuno na hazipukutishi majani mwaka mzima. Nikazipanga pande mbili za njia, kutoka getini hadi barazani. Miezi mitatu ya mwanzo kila mgeni alikuwa akiziuliza. Sasa majani machanga yanatoka manjano, mishipa tu ndiyo imebaki kijani, utasema ramani ya mito. Yale ya zamani ya chini bado kijani. Mbili zilizo karibu na ukuta zimekuwa karibu nyeupe. Maua ndiyo sijayaona tena.

Namwagilia kila jioni kwa maji ya kisima. Samadi ya mbuzi nimeweka. Kijana anayenitunzia bustani akasema niongeze majivu ya jikoni, nimetia mara mbili. Tena yeye huzinyoa kila wiki mbili kwa ule mkasi mkubwa zikae mraba. Nisaidieni kabla sijang'oa zote nikamwaga kokoto.

Kaskazi_Tupu
Njaa hiyo mama. Tia mbolea ya yurea kijiko kimoja kila shina, wiki mbili tu utaniombea dua.

Babu_wa_Vitalu
Kaskazi, taratibu mwanangu. Mmea ukikosa naitrojeni, ambayo ndiyo yurea huleta, manjano huanzia majani ya chini, kwa sababu mmea huichukua kutoka kwa majani makuukuu ukaipeleka kwenye machipukizi. Mama amesema ya chini ni kijani na machanga ndiyo yanaumwa, tena mishipa imebaki. Hapo kinachokosekana ni chuma. Chuma hakihami kirahisi kutoka jani la zamani kwenda jipya, basi wazee wameshiba na watoto wanalala njaa.

Na si ajabu chuma kimo humo humo udongoni. Shida ni chokaa. Mama, nyumba yako imekaa juu ya matumbawe ya kale, nayo ni jiwe la chokaa. Kile kiwanda cha saruji hakikujengwa Bamburi kwa ajili ya upepo wa bahari. Iksora asili yake ni kusini mwa India na Sri Lanka, na hupenda udongo wenye uchachu kidogo, pH (kipimo cha uchachu, 7 ndiyo katikati) 5 hadi 6 hivi. Udongo wa matumbawe huwa juu ya 7, na hapo chuma hufungika, mizizi inakipita bila kuweza kukinyonya. Zile mbili za ukutani zimezidi kwa kuwa mafundi huacha mabaki ya saruji na plasta chini ya ukuta, wakafukia, wakaenda zao.

Majivu acha leo hii. Majivu huua uchachu, yaani umekuwa ukimtilia sukari mgonjwa wa kisukari.

Fanya jaribio: chukua kijiko cha udongo mkavu, udondoshee siki. Ukitoa povu, chokaa ipo, na hatutabishana tena.

BintiTudor
Babu amesema kweli, ila maji nayo yatazamwe. Kisima chetu kina maji mazito ya chokaa, hata chai haitamaniki. Zangu nilizihamishia vyunguni bado zikawa manjano, mpaka nikaona ukoko mweupe juu ya udongo. Tangu nianze kukinga maji ya mvua kwenye pipa zimepata nafuu. Na geuza majani dada, zangu zilikuwa na wadudu gamba chini yake, sisimizi wakipanda na kushuka, na masizi meusi juu. Nilipangusa kwa maji ya sabuni.

MwanaLikoni
Lakini mbona Haller Park kumeota msitu mzima kwenye machimbo ya kiwanda hicho hicho? Kama ni chokaa, pale ndipo penyewe.

Babu_wa_Vitalu
Swali zuri. René Haller, aliyeotesha msitu huo, alipoanza kazi ile mwaka 1971 alijaribu aina 26 za miti, zikashika 3 tu, mmojawapo mvinje na mwingine mnazi. Akapanda kilichokubali, kisha akaleta majongoo wale majani makavu ya mvinje wayageuze kuwa udongo. Hakushindana na jiwe, na alikuwa na miaka mingi ya kungoja. Mama ana njia ya kuingilia nyumbani.

Watu watakuambia utie salfa kuongeza uchachu. Kwenye udongo wenye chokaa nyingi hivyo ni kutwanga maji kinuni, chokaa itaimaliza tu. Ukitaka kuzitibu hapo zilipo, tafuta kileti ya chuma, yaani chuma kilichoshikwa na kemikali kisifungwe na chokaa, kwenye duka la pembejeo, na usome kopo: iandikwe EDDHA. Ile ya EDTA huachia chuma mapema udongo ukiwa na chokaa, utakuwa umetupa pesa. Hata hiyo nzuri utarudia kila baada ya miezi kadhaa.

Mimi ningetia vyunguni, vipana, vyenye matundu. Udongo mwekundu wa bara, mboji, na makumbi ya nazi yaliyochambuliwa na kulowekwa siku kadhaa chumvi itoke. Mchanga uwe wa mtoni. Wa ufuoni umejaa makombe yaliyosagika, na makombe ni chokaa ile ile.

Kuhusu maua: iksora huchanua kwenye ncha za matawi. Huyo kijana anakata maua kila wiki mbili kabla hayajazaliwa! Pogoa mara moja, baada ya kuchanua, tawi kwa tawi.

BintiTudor
Na pale ukutani weka karisa fupi, ndugu yake mtandamboo wetu. Maua meupe yananukia, matunda mekundu yanalika yakiiva, na chumvi ya bahari haiibabaishi. Miiba tu, kama una wajukuu.

MamaSwaleh_Bamburi
Nimerudi. Siki imetoa povu kama soda iliyotikiswa, na udongo wa ukutani nusura umwagike kijikoni. Nimeanza na 4 nilizotia vyunguni barazani, zinywe maji ya pipa. Hizi 6 za njiani nitazipa kileti hadi masika, nione. Zile 2 nyeupe nimezing'oa. Wajukuu ninao, karisa bado naifikiria. Babu, yale majani ya manjano yatarudi kijani?

Babu_wa_Vitalu
Baadhi yatarudi kidogo, mengine ndiyo basi. Wewe tazama yatakayochipuka.

Kaskazi_Tupu
Na yurea yangu je?

MamaSwaleh_Bamburi
Weka mwanangu, utapanda mahindi. Mkasi nao nimeuficha uvunguni, kijana anautafuta tangu asubuhi.