Kupoza kompyuta ya mezani kwa mfumo wa maji wa kujiundia: kuna faida, au tunajichosha bure?

Mleta mada

Wakuu, naleta mjadala huu nikiwa na msimamo, na ningependa mnipinge kwa hoja. Ninaposema mfumo wa kujiundia, nazungumzia pampu, tangi, rejeta (inayotoa joto la maji kwenye hewa), mipira, viungio na bloku (vipande vya chuma vinavyokaa juu ya chipu na kupitisha maji) unazonunua kimoja kimoja na kuzifunga kwa mikono yako. Ile seti inayokuja imeshajazwa na kufungwa kiwandani siihesabu hapa. Msimamo wangu ni kwamba mfumo huo haufai kununuliwa ili kushusha nyuzi joto. Kama una thamani, thamani yake ni ukimya, tena kwa mashine chache zinazokula umeme mwingi.

Kuna jambo linapotoshwa sana kwenye mazungumzo haya. Maji hayatengenezi baridi. Yanachukua joto mahali padogo, kwenye chipu, na kulipeleka mahali pakubwa, kwenye rejeta, ambako hewa ya chumbani inalipokea. Hata ufunge rejeta ya ukubwa wa mlango, mashine haitashuka chini ya joto la chumba chako. Na wati zote zilizoingia kwa waya wa umeme zitaishia chumbani kama joto, uwe na maji au usiwe nayo. Anayetarajia chumba kiwe na nafuu kwa sababu amefunga mfumo wa maji amedanganywa.

Sifa halisi ya maji ni kubeba. Kilo moja inahitaji takriban kilojuli 4.18 kupanda nyuzi moja, na kwa ujazo ulio sawa maji hubeba joto zaidi ya mara 3,000 kuliko hewa. Lakini kipoza kizuri cha hewa, kama Noctua NH-D15 iliyotoka mwaka 2014, nacho hakitegemei hewa kulitoa joto kwenye prosesa. Ndani ya mabomba yake ya shaba mna kimiminika kidogo kinachogeuka mvuke upande wa moto na kurudi kuwa kimiminika upande wa mapezi, yaani bamba nyembamba za chuma zinazopigwa na hewa. Kwa hiyo tofauti kubwa ya hivi viwili ni ukubwa wa eneo la mapezi na uhuru wa kuyaweka unapotaka ndani ya kesi.

Sasa tuangalie prosesa. Ryzen za mfululizo wa 7000, zilizotoka mwaka 2022, AMD yenyewe ilieleza kwamba zimebuniwa kufika nyuzi 95 zikipewa kazi nzito na kukaa hapo bila kudhurika. Ukizipa kipoza kikubwa zaidi hazipoi, zinaongeza kasi kidogo mpaka zikifikie tena kikomo chao. Isitoshe, vipande vya silikoni vyenye viini vya kufanyia hesabu ni vidogo mno, kila kimoja chini ya milimita mraba 75, na juu yake kuna kifuniko kinene cha chuma. Joto linakwama pale, kati ya silikoni na kifuniko, kabla hata halijaonja maji. Pampu yenye nguvu maradufu haiondoi kizuizi hicho. Ndiyo maana mtu hutumia fedha nyingi, akafungua programu ya kupimia, akaona nyuzi zimeshuka chache tu na kazi yake inakwisha kwa muda ule ule.

Kadi ya michoro ni habari nyingine, na hapa ndipo watetezi wa maji wana hoja. RTX 4090 ya NVIDIA ina kikomo cha wati 450, lakini chipu yake ina eneo la milimita mraba 608 na haina kifuniko juu. Bloku inagusa silikoni yenyewe, ikitenganishwa nayo na utando wa pasta ya kupitishia joto tu. Kushuka kwa nyuzi 15 hadi 20 si ajabu. Hata hivyo, ongezeko la kasi linalotokana na kushuka huko ni asilimia chache, kwa sababu kadi hizi hubanwa na kikomo cha umeme kabla ya joto. Nyuzi 20 pungufu ni namba ya kupendeza kwenye kioo. Mchezo au kazi ya video haitaonyesha tofauti inayoonekana kwa macho.

Basi kwa nini sisemi tuachane nayo kabisa? Kwa sababu ya masikio. Feni ikipunguzwa mzunguko hadi nusu, kelele yake hushuka kwa takriban desibeli 15, na sikio huhisi kila desibeli 10 kama sauti iliyopungua hadi nusu. Rejeta kubwa inakuruhusu kuzungusha feni nyingi polepole. Wengi hukadiria wati 100 kwa kila nafasi ya feni ya milimita 120, feni zikiwa hazilii. Mashine ya wati 600 inahitaji nafasi sita, yaani rejeta mbili za milimita 360. Ukitimiza hilo, unapata mashine nzito inayofanya kazi usiku kucha karibu na kitanda bila mtu kuisikia. Hilo kipoza kinachokuja na kadi hakiwezi kulifanya.

Na kuna faida nyingine isiyotajwa vya kutosha. Lita moja ya maji ikipokea wati 400, hata rejeta isipofanya lolote, itapanda nyuzi 6 hivi kwa dakika. Ukiziagiza feni zifuate joto la maji badala ya joto la chipu, haziruki juu kila unapofungua programu. Zinapanda taratibu na kushuka taratibu. Anayerekodi sauti anajua jinsi ile feni inayopanda na kushuka inavyoudhi kuliko feni inayovuma kwa sauti moja.

Lakini kabla ya kutoa hata senti moja, fanya jambo lisilo na gharama: punguza volteji na kikomo cha umeme. Umeme unaoliwa na chipu hupanda kwa mraba wa volteji, kwa hiyo kasi ile ya mwisho kabisa ndiyo ghali kuliko zote. Kadi kubwa ikishushwa hadi asilimia 75 au 80 ya kikomo chake hupoteza asilimia chache tu za utendaji, na feni zake zinatulia siku hiyo hiyo. Naamini wengi wanaofikiria maji wangeishia hapo wakiwa wameridhika.

Karibuni.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, hoja za fizikia nakubali, ila hesabu ya gharama umeipunja. Kipoza cha hewa unakilinganisha na mfumo mzima kana kwamba vyote vinaisha pamoja na mashine. Haviishi pamoja. Rejeta ya shaba haichakai kwa matumizi ya kawaida. Pampu aina ya D5 ni kifaa kigumu. Viungio vina uzi wa kukazia, kama wa skrubu, wa kipimo kimoja, G1/4, tangu enzi na enzi, na vya kampuni hii vinaingia kwenye bloku ya kampuni ile. Mimi nabadilisha prosesa na kadi, mfumo unabaki. Gawanya bei kwa mashine tatu au nne halafu turudi kuzungumza.

Pili, umesahau kumbukumbu za kadi. RTX 3090 ya mwaka 2020 ilikuwa na chipu 12 za kumbukumbu mgongoni mwa ubao, upande usio na feni, na zilikuwa zinapata moto mno wakati chipu kuu inaonyesha nyuzi nzuri kabisa. Bloku yenye bamba la maji mgongoni ilitibu tatizo ambalo kupunguza volteji hakukulimaliza.

Tatu, na hili nalisema kwa moyo wote: kujenga ni raha. Mtu anayekata mabomba, anayapinda kwa joto, anapima kona na kuona maji yanazunguka, amepata kitu. Thamani hiyo haiingii kwenye jedwali la nyuzi, lakini ni thamani.

Mchangiaji wa pili

Mimi nafungua mashine za watu, kwa hiyo naongea kuhusu ninachokikuta ndani.

Kuvuja ndiko kunakoogopwa, na kuna njia ya kupunguza hatari hiyo: pima mfumo kwa shinikizo la hewa kabla hujatia tone lolote, kisha zungusha maji kwa pampu peke yake, ubao na kadi vikiwa havina umeme. Msijifariji kwamba maji yaliyokenekwa hayapitishi umeme. Yakishazunguka kwenye metali yanachukua chembe zake na yanapitisha.

Kinachoua mifumo mingi ni kuziba. Vijia vya ndani ya bloku ni vyembamba kuliko milimita moja. Ukitia kimiminika kizito chenye rangi ya maziwa ili picha ipendeze, chembe zake zinatua humo. Mipira ya bei ya chini inatoa mafuta ya kulainishia plastiki, nayo yanaganda kama utando mweupe. Mipira ya EPDM, aina ya mpira wa sintetiki, haina tabia hiyo, ingawa haionyeshi maji. Asiyetia dawa ya kuzuia mwani ataufuga. Na nawasihi, msichanganye rejeta ya alumini na bloku ya shaba. Ndani ya maji metali hizo mbili zinafanya kazi kama betri, na alumini ndiyo inayoliwa. Dawa ya kuzuia ulikaji inachelewesha tu.

Kwa upande wa pili, seti za kiwandani ambazo mleta mada ameziweka pembeni nazo zinapoteza maji kidogo kidogo kupitia kuta za mipira, na nyingi hazina pa kuongezea. Pampu ikichoka unatupa yote. Mfumo wa kujiundia unatengenezeka, mradi mwenyewe alikumbuka kuweka koki ya kumwagia maji sehemu ya chini. Wengi hawaweki.

Mchangiaji wa tatu

Kama maji hayana maana, mbona vituo vya data vinahamia huko? Kabati la seva la NVIDIA GB200 NVL72 linapozwa kwa maji. Hao wahandisi hawajui hesabu?

Mleta mada

Naanza na la mwisho kwa kuwa linajibika haraka. Kabati hilo linakula takriban kilowati 120 mahali unapoweza kusimama. Hewa haiwezi kupitishwa ya kutosha katika nafasi hiyo, kwa hiyo maji ni lazima. Kuna mafundi wa zamu na vipimo vya kuvuja kila kona. Mashine yako ya mezani ina wati mia kadhaa na nafasi tele ya mapezi. Apple ilipoweka maji kwenye Power Mac G5 mwaka 2004 ilikuwa na kiwanda na wahandisi nyuma yake, na bado baadhi ya mashine zile zilikuja kuvuja baada ya miaka.

Kwa mchangiaji wa kwanza: hoja ya kugawa gharama ina uzito, na ninaichukua pamoja na sharti lake. Pampu na rejeta zinahama, bloku ya kadi haihami. Inachongwa kufuata ubao wa kadi moja, na kadi mbili zenye jina lile lile kutoka kwa watengenezaji wawili zinaweza kuhitaji bloku mbili tofauti. Ukibadilisha kadi, kipande kilicho miongoni mwa vile ghali zaidi kinabaki kabatini. Angalia pia waranti kabla ya kung'oa kipoza cha kiwandani. Hilo la kumbukumbu za 3090 ni kweli kabisa, na ni mfano mzuri wa maji kutumika kutibu kasoro inayojulikana. Raha ya kujenga siipingi hata kidogo. Anayeinunua akijua ndicho anachonunua hana mgogoro nami. Mgogoro wangu ni na wanaomwambia kijana mwenye bajeti finyu kwamba kompyuta yake itaongezeka kasi.

Kwa fundi, nashukuru. Naongeza moja linalowapotezea watu muda: ubishi wa kipi kitangulie kwenye mzunguko, prosesa au kadi. Kwa lita 4 za maji kwa dakika, wati 600 zinayapandisha takriban nyuzi 2 kwa mzunguko mzima. Fungeni kwa njia fupi na rahisi kumwaga.

Mchangiaji wa nne

Naomba ushauri wa moja kwa moja, wakuu. Prosesa yangu ni ya wati 105, kadi wati 220. Nahariri video usiku, wengine nyumbani wamelala, na feni zinanikera. Nimeshapewa orodha ya vifaa vya maji. Ninunue?

Mleta mada

Usinunue, ndugu yangu. Wati 325 hazijafika mahali ambapo maji yanalipa. Kwanza tafuta ni feni gani inayopiga kelele: izuie kila moja kwa sekunde chache kwa programu, usikilize. Mara nyingi ni feni ndogo za kadi. Shusha kikomo cha kadi hadi asilimia 80, ruhusu joto lake lipande kidogo kabla feni hazijaongeza mwendo, kisha weka feni mbili kubwa za milimita 140 mbele ya kesi zizunguke polepole. Hakikisha mbele ya kesi pana matundu; kioo kizima bila matundu kinabana hewa na kuzilazimisha feni zilie. Kwenye prosesa, kipoza cha hewa chenye minara miwili ya mapezi kinatosha na kusaza.

Na kwa watetezi wa maji: nileteeni kipimo kilichofanywa kwa kadi ile ile, kikomo cha umeme kile kile, joto la chumba lile lile, baada ya nusu saa ya kazi nzito maji yakiwa yameshatulia, na feni zikiwa zimewekwa desibeli sawa pande zote mbili. Picha ya programu inayoonyesha nyuzi 45 bila kutaja feni zilikuwa zinavuma kiasi gani sitaihesabu.