Hedlampu za 18650 zinafifia kabla ya Stella Point: shida ni betri, chaja au taa?

Msambazaji_Moshi

Wakuu, habari za kazi. Nina swali kwa wanaozijua tochi na betri. Kuna hedlampu za Kichina zinazotumiwa na waongozaji wasaidizi usiku wa kupanda kileleni Kilimanjaro, kutoka kambi ya Barafu kupitia Stella Point kwenye ukingo wa kreta. Kila moja ina kiboksi kisogoni chenye betri mbili za 18650, zimeandikwa 9800mAh (mAh ni kipimo cha chaji: 1,000 ni ampea moja kwa saa moja). Hapa mjini taa inakaa karibu masaa 4 kwenye mwanga mkubwa. Kule juu, kwa mwanga huohuo, inafifia baada ya masaa 2, na safari ya kutoka saa sita usiku hadi kupambazuke ni kama masaa 6 au 7. Betri zikishapata joto mchana, taa inawaka tena kama kawaida.

Nimepima kwa multimita: mwanga mkubwa unavuta ampea 0.8, wa kati 0.25.

Ninachoomba kujua: nitaijuaje betri nzuri kabla ya kulipa? Betri zinazotolewa kwenye laptop zilizokufa zinafaa? Na je, wanaweza kuchaji kambini kwa pawabenki? Natanguliza shukrani.

FundiVolti

Mkuu, vipimo vyako vimeshajibu nusu ya swali. Ampea 0.8 kwa masaa 4 ni mAh 3,200 kwa betri mbili, maana yake kama zimeunganishwa sambamba (chanya kwa chanya) kila moja inatoa 1,600 hivi. Ile 9800 ni wino tu. Hakuna 18650 ya namna hiyo. Silinda ni ya kipenyo cha milimita 18 na urefu wa 65, na ndani yake viwanda vinavyoaminika vinaingiza kama 3,500: Samsung 35E na LG MJ1 ni 3,500, Panasonic NCR18650B ni 3,400. Ukiona imeandikwa 5,000 na kwenda juu, rudisha kwenye kabati la muuzaji, usiendelee hata kuuliza bei.

Dukani nenda na mizani ndogo ya kidijitali, zile za wauza madini pale Arusha zinatosha kabisa. Betri ya kweli ya 3,000 hadi 3,500 ina gramu 45 hadi 50. Ikija na gramu 30, ndani kuna seli dogo au mabaki ya kiwandani. Ila uzito peke yake hautoshi, kwa sababu kuna feki zinazojazwa unga ili ziwe nzito. Nyepesi ikatae papo hapo. Nzito bado ipime.

Kupima uwezo bila chaja ya bei kubwa, tafuta moduli ya TP4056 (kibao kidogo cha kuchajia betri ya lithiamu) na mita ndogo ya USB inayohesabu mAh. TP4056 haibadilishi mkondo, inapunguza volti tu na kuzigeuza joto. Kwa hiyo mAh zinazopita kwenye mita ni karibu sawa na zinazoingia kwenye betri. Washa taa mpaka betri ifike volti 3.0, iache ipumzike, halafu ichaji kupitia mita mpaka ijae. Namba utakayoisoma ndiyo uwezo wake. Usitumie mbinu hii kwenye pawabenki, kule volti zinapandishwa na hesabu inapotea.

Angalia pia urefu. Betri yenye kibao cha ulinzi hufika milimita 68 hadi 70, na kwenye viboksi vya hedlampu nyingi haiingii. Usiilazimishe, springi itapinda na kugusa pasipotakiwa.

Mwanga_Kati

Naongezea upande wa baridi, maana hapo ndipo masaa yako mawili yalipopotelea. Betri ya lithiamu ikipoa, kimiminika cha ndani kinakuwa kizito na ukinzani unapanda. Ukivuta mkondo mkubwa volti zinaanguka ghafla, taa inadhani betri imeisha na inajipunguza. Chaji bado imo, ndiyo maana inafufuka mchana. Usiku juu ya Barafu nyuzi 10 chini ya sifuri ni jambo la kawaida, na upepo ukiwepo kiboksi cha kisogoni kinapoa haraka kuliko kitu chochote ulichovaa.

Dawa ya kwanza ni kuacha mwanga mkubwa. Ampea 0.25 kwa masaa 7 ni mAh 1,750 tu. Betri mbili za kweli za 3,000 zikiwa sambamba zina 6,000, na hata baridi ikila nusu, bado unabaki na akiba. Kwa kutembea pole pole kwenye changarawe, mwanga wa kati unatosha. Mkubwa uwe wa kumtafuta mtu au kukagua njia, dakika chache unaurudisha. Isitoshe, mwanga mkubwa unamwangazia machoni mgeni anapogeuka kuzungumza na mwongozaji.

Dawa ya pili ni kiboksi kukaa ndani ya jaketi. Zipo hedlampu zenye waya mrefu kwa ajili hiyo. Kama waya ni mfupi, fundi anaweza kuongeza kipande cha sentimita 80, waya laini wenye ganda la silikoni, kwa sababu ganda la plastiki la kawaida hukakamaa kwenye baridi na kupasuka. Betri za akiba zikae mfuko wa ndani, zikiwa kwenye kikasha cha plastiki. Zikichanganyika na sarafu au funguo zinapiga shoti.

Suala la kuchaji kambini: jioni inawezekana, lakini betri isiwe chini ya nyuzi sifuri. Ukiichaji ikiwa imeganda, lithiamu haiingii kwenye grafiti (kaboni ya upande hasi wa betri) inavyotakiwa, inajipaka juu yake kama chuma. Uwezo unaopotea hapo haurudi, na baadaye inaweza kupiga shoti yenyewe kwa ndani. Ilale kwanza kwenye slipingi begi mpaka iwe vuguvugu, pamoja na pawabenki yenyewe, kisha chaji ndani ya hema ukiwa macho.

Kila mwongozaji abebe na taa ndogo ya pili ya betri tatu za AAA. Weka za lithiamu zisizochajiwa, zinazofanya kazi hadi nyuzi 40 chini ya sifuri. Alkalaini za kawaida ni za mjini.

Ngarenaro_Risasi

Za laptop zinafaa, ila kwa masharti. Fungua pakiti kwa kipande cha plastiki kigumu, kisu kinachana seli. Vipande vya nikeli vizungushe kwa koleo ukivikunja, usivivute, unaweza kutoboa kichwa. Seli iliyobonyea, yenye kutu kichwani au harufu tamu kama ya rangi ya kucha, weka pembeni moja kwa moja. Iliyo chini ya volti 2.5 pia.

Zilizobaki zichaji kwa nusu ampea. TP4056 huja na kizuizi (rezista) cha kilo-omu 1.2 kinachotoa ampea 1. Weka cha 2.4 upate 0.5. Seli ikipata joto la kuhisika mkononi kwa mkondo huo mdogo, imechoka. Zikijaa 4.2 ziache wiki mbili. Iliyoshuka chini ya 4.0 inavuja ndani kwa ndani, haifai. Chini ya mAh 2,000 peleka kwenye taa ya sola ya nyumbani, mlimani hapana.

Halafu ngozi ya plastiki. Mwili mzima wa seli ni hasi hadi kwenye bega la juu, chanya ni kile kisahani cha katikati tu. Ngozi ikichanika begani, shoti iko umbali wa milimita moja. Weka pete ya karatasi na ngozi mpya ya kusinyaa kwa joto.

Msambazaji_Moshi

Nimewaelewa sana wakuu. Swali la nyongeza: naweza kuweka betri moja mpya na moja ya zamani kwenye kiboksi kimoja? Na chaja iliyokuja na taa niendelee nayo?

FundiVolti

Kwanza tazama kiboksi. Kama chanya zote mbili zinaangalia upande mmoja na zimeunganishwa pamoja, ni sambamba, volti 4.2. Zikipishana huenda ni mfululizo, volti 8.4, thibitisha kwa multimita. Kwenye sambamba, betri yenye volti nyingi inajimwaga kwa mwenzake mara tu unapoziingiza, kwa hiyo tofauti isizidi 0.05. Kwenye mfululizo, dhaifu inaisha mapema na kusukumwa chini ya sifuri na nzima. Kwa hiyo hapana: aina moja, umri mmoja, ziandike namba na ziende pamoja siku zote.

Chaja ipime taa yake ikigeuka kijani. Chomoa betri, subiri dakika 10, soma volti. Kwa betri moja moja, au mbili za sambamba, 4.15 hadi 4.20 ni sawa. Ikizidi 4.25 iache kabisa, hata kama inachaji haraka.