Tupeane uzoefu: lenzi ya makro kwa kamera ya mirolesi, wewe ulichukua ipi na ilikufanyia nini?

Kijana wa Mtoni (Unguja)
Assalaam alaykum wanajamvi. Nina Sony a7 III, nimeinunua mkononi kwa mtu, na mwaka huu nimejiahidi lenzi ya makro, ile ya kupiga vitu vidogo kwa karibu. Moja tu, mfuko hauna ya pili. Majedwali ya kulinganisha nimesoma mpaka macho yameingia ukungu, siyataki tena. Nataka mtu aniambie: nilichukua hii, nikaenda nayo mahali fulani, ikanifanyia hivi.

Naanza na yangu. Mwezi uliopita niliazimwa FE 50mm f/2.8 Macro, nikaenda nayo kwenye bustani ya vipepeo pale Pete, karibu na Jozani. Lenzi nyepesi, gramu 236, na ukali wake sina neno. Tatizo ni kwamba kupata 1:1, yaani kitu kitokee kwenye sensa (kile kipande cha ndani kinachopokea picha) kwa ukubwa wake ule ule, lazima kiwe sentimita 16 kutoka kwenye sensa hiyo. Ukitoa unene wa kamera, ukatoa na lenzi yenyewe inayojitokeza nje, baina ya pua ya lenzi na kipepeo panabaki vidole vitatu. Kivuli changu kilikuwa kinafika kabla yangu, naye huyoo! Nimerudi na picha arubaini za majani. Majani mazuri, lakini majani.

Mpemba wa Wete
Waalaykum salaam kaka. Nusu ya jibu umeshajipa mwenyewe, lakini ngoja nikupe na yangu.

Msimu wa karafuu nilitaka kuwapiga picha maji moto, wale chungu, wakishona kiota juu ya mkarafuu. Mwenye kuwajua anajua: wanajipanga mstari, wanavuta kingo mbili za majani mpaka zikutane, halafu wenzao wanakuja na funza wao mdomoni, na funza ndiye anayetoa uzi wa kushonea. Natumia Olympus yenye sensa ndogo na M.Zuiko 60mm f/2.8. Gramu 185, inaingia mfuko wa shati. Kwa sensa yangu, 1:1 inajaza fremu kwa kitu cha upana wa milimita 17 hivi. Kwako kwenye fulu fremu, sensa kubwa, 1:1 hiyo hiyo ni milimita 36. Kwa mdudu mdogo, basi, mimi mwenye kamera ndogo nakuzidi bila kutoa jasho.

Jasho lilikuja upande mwengine. Pua ya lenzi ilikuwa kama sentimita 9 kutoka kiotani. Mimi naona mbali, wao wanaona nimeshaingia ndani bila hodi. Walipanda kwa mkono wa shati mpaka kwapani. Ngazi ilikuwepo, sikuitumia kushukia. Picha nzuri zilipatikana nne, na katika moja yupo mmoja kafungua taya ananitazama mimi, wala haitazami kamera.

Mama Kofia (Mji Mkongwe)
Nyie na wadudu wenu. Mimi nauza kofia za viua mtandaoni, na mnunuzi aliye Muscat au Mombasa hawezi kushika kofia, kwa hiyo lazima aione sindano ilivyopita. Kile kitobo kidogo kinazungushiwa uzi duara zima, na kofia ya mkono na ya mashine hutofautiana hapo hapo: ya mkono uzi unapishana kidogo, ya mashine imenyooka kama imepigwa rula. Kwa simu haionekani. Mteja alikuwa akiniambia "bei kubwa hiyo, mashine hiyo", nakosa la kumjibu.

Nina Fujifilm ya sensa ya APS-C, ndogo kuliko fulu fremu, nikachukua TTArtisan 40mm f/2.8 ya makro. Haina fokasi ya kujiendesha, yote kwa mkono. Kwa kofia sihitaji, kofia haikimbii. Nilichokipenda ni kwamba kitambaa kikilala bapa, katikati na pembeni vyote vinakuwa vikali, wakati lenzi iliyokuja na kamera ilikuwa inalegeza pembe zote nne.

Kasoro yake ni kivuli. Lenzi fupi inasogea mpaka inajizibia mwanga wake yenyewe, nikawa naona duara jeusi juu ya kofia nyeupe. Sasa naweka kofia karibu na dirisha la ubavuni, upande wa pili nasimamisha bahasha nyeupe irudishe mwanga. Yule mteja nilimtumia picha, akanyamaza siku mbili, kisha akaagiza tatu.

Mpemba wa Wete
Dada, hiyo ya bahasha naiba.

Bahari Kavu (Nungwi)
Kwa wazamiaji kwa ufupi: lenzi ya milimita 90 mpaka 105, ndani ya kasha la maji lenye kioo bapa. Konokono wa baharini wasio na gamba pale Mnemba hawakimbii, ila mikondo inakukimbiza wewe. Kasha linaweza kukugharimu kuliko lenzi yenyewe, piga hesabu hiyo kwanza.

Jirani wa Mwanakera
Mimi nasema usinunue chochote bado. Bibi yetu aliacha pesa za shaba za Seyyid Barghash, zile zenye mizani upande mmoja na mwaka 1299 wa Hijria, ambao ni 1882. Nilitaka kuzipiga zote kwa ajili ya ukoo. Nikanunua zile ringi tupu za kuweka kati ya kamera na lenzi, hazina kioo ndani, nikazivalisha kwenye 50mm ya kawaida. Mizani inahesabika mpaka minyororo yake. Bei yake haifiki hata robo ya lenzi moja mnayoitaja hapa.

Mzee wa Flashi
Jirani, pesa ya Barghash imelala mezani tangu bibi yako yu hai. Mwenzio anafukuza kipepeo. Ukivaa ringi hizo huwezi kufokasi mbali tena, kila saa uvue uvae, na upepo wa Jozani unakuangalia tu.

Kijana, sikiliza. Kwenye 1:1, f/2.8 iliyoandikwa kwenye lenzi (namba ya tundu la mwanga, ikikua tundu linafungwa) inafanya kazi kama f/5.6, stopu mbili za mwanga zimeliwa na ukaribu. Nikon inakuonyesha namba ikibadilika, Sony na Canon zinaacha ile ile, ndiyo maana vijana wa Nikon hudhani lenzi yao mbovu. Na kina cha sehemu inayotoka kali ni chembamba: kwa fulu fremu, 1:1, f/8, unapata kama milimita moja. Ukisema ufunge mpaka f/16 upate zaidi, umefika kama f/32 na picha nzima inalegea. Kwa hiyo lenzi ni nusu, flashi ni nusu. Yangu nimeifunika kipande cha galoni jeupe la plastiki, mwanga unatoka laini. Mke wangu bado anaulizia galoni lake.

Na chukua 90 au 100, si 50. Mabishano ya Sony 90 na Sigma 105 DG DN wala yasikuchoshe. Sigma haina kidhibiti mtikisiko ndani yake, lakini mwili wa kamera yako unacho, na kwenye 1:1 vyote viwili havikuokoi sana. Flashi ndiyo inayogandisha.

Kijana wa Mtoni
Shikamoo mzee. Je, nikichukua iliyotumika?

Fundi wa Chake
Hapo nina kidonda. Nilinunua EF 100mm f/2.8 ya Canon iliyotumika, niifunge kwenye kamera ya RF, mirolesi ya Canon, kwa adapta. Adapta haina tatizo, fokasi inajiendesha kama kawaida. Muuzaji alinipigia picha ya nje tu, mimi nikaridhika. Ilipofika nikaimulika kwa tochi kutoka nyuma: fangasi, nyuzi nyeupe ndani ya kioo kama utando wa buibui. Hela haikurudi. Kwa hewa yetu, hasa masika, hata lenzi safi inaota ikiwa utaiacha miezi kwenye begi la ngozi. Yangu ya sasa inalala kwenye kontena la chakula lenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu. Usilipe kabla ya kuona tochi.

Kijana wa Mtoni
Wiki tatu baadaye, narudisha jibu. Nimepata FE 90mm f/2.8 Macro iliyotumika, tochi nimepiga mara tatu mpaka muuzaji akakasirika. Kwa 1:1 nabaki na sentimita 13 hivi mbele ya pua.

Siku ya kwanza Pete, fokasi ikagoma kabisa. Nikazima kamera, nikawasha, nikatoa betri, nikaanza kumtukana muuzaji kimoyomoyo. Nusu saa nzima. Kumbe ringi ya fokasi ya lenzi hii ukiivuta nyuma inahamia mkono, na mimi nilikuwa naivuta kila nikiitoa begini. Nikaisukuma mbele, tk, ikakubali.

Kipepeo alitua kwenye ua, nikapiga f/8 na flashi. Jicho limetoka, na ule mrija wa kunyonyea umejikunja kama kamba ya jahazi iliyopangwa.

Mama Kofia
Mtume, iko wapi picha?

Kijana wa Mtoni
Naipakia, intaneti ya huku inasuasua.