Mwaka wa kujitolea baada ya chuo: skuli ya shamba, jumuiya ya Chake au JKU?

Kijana_wa_Wete
Assalaam alaykum wakubwa na wenzangu. Nimemaliza SUZA, chuo kikuu cha taifa cha Zanzibar, ualimu wa hisabati na fizikia. Kwenye ZanAjira, mfumo wa kuombea kazi za serikali, nimeomba mara tatu, jina halijatoka. Mzee anasema bora nijitolee mwaka mmoja kuliko kushinda barazani. Nimepata njia tatu: skuli moja upande wa Micheweni isiyo na mwalimu wa fizikia, hawalipi kitu, jumuiya moja Chake, kuzunguka shehia na kuandika ripoti, posho laki moja kwa mwezi, au JKU, yaani Jeshi la Kujenga Uchumi. Nyumbani ni Wete, Pemba. Mngekuwa nyinyi mngekwenda wapi?

Jembe_na_Gwaride
JKU itoe kwenye hesabu ya mwaka mmoja. Mimi nilikaa miwili. Sijuti: nililima, nilijifunza useremala, na ile nidhamu ya kuamka kabla ya alfajiri ninayo mpaka leo. Kama roho yako iko kwenye vikosi, nenda kesho. Lakini kama unataka kushika chaki, utatoka huko umesahau hata kanuni za Newton.

Nauli_Kwanza
Ndugu yangu, hiyo laki usiihesabu kama pesa. Wete–Chake mimi natumia 3,000 kwenda na kurudi. Siku 22 za kazi ni 66,000. Imebaki 34,000, na hujala mchana hata siku moja. Mwisho wa mwezi unamwomba mama vocha. Tofauti na skuli ni kwamba huku unakuwa masikini huku umevaa kitambulisho shingoni 😂

Bi_Chaki
Nauli_Kwanza umenichekesha, lakini ni kweli.

Mimi nilijitolea skuli ya shamba. Niliambiwa mwaka, nikakaa miwili, kwa sababu hakuna aliyeandika popote kwamba ni mwaka. Kila nikitaka kuondoka naambiwa "mwalimu, subiri watoto wafanye mtihani". Nani atawaacha watoto kabla ya mtihani? Nilipoomba barua ya kuthibitisha nilichofanya, nikazungushwa wiki tatu.

Lakini kusomesha nilijifunza kule, si chuoni. Msimu wa karafuu nusu ya darasa haipo. Wanarudi siku wanayotaka wao, mikono inanuka karafuu, na mada imeshapita. Ikabidi nijue kufundisha kitu kimoja mara tatu kwa njia tatu. Wazee hawana pesa lakini hawakuachi hivihivi, leo muhogo, kesho ndizi. Konda wa gari ya Konde alikuwa akiniona tu anauliza: "Mwalimu, mkungu wa nani leo?"

Mpemba_wa_Mjini
Kinachoniudhi ni kwamba kila mtu anajipangia mwenyewe. Nijeria wana utaratibu tangu 1973: mhitimu anapelekwa jimbo jingine mwaka mzima, na serikali inampa posho kila mwezi. Una malalamiko yako, lakini angalau mtoto wa mvuvi na mtoto wa waziri wanapanda gari moja. Kwetu gharama ya kujitolea anabeba baba. Mwenye baba asiye nacho anakwenda Nungwi kubeba mabegi ya watalii, halafu tunamwita mvivu wa kujitolea.

Jembe_na_Gwaride
Kubeba mabegi nako kazi, usikudharau.

Mpemba_wa_Mjini
Sijadharau, nimebeba.

Maalim_Mstaafu
Mwanangu, fizikia inakuita skuli. Atakayekuajiri kesho atakuuliza umesomesha wapi. Ila sikiliza maneno ya Bi Chaki. Kabla hujaingia darasani upate barua ya mwalimu mkuu: unaanza lini, unamaliza lini, vipindi vingapi kwa wiki. Nakala ifike kwa afisa elimu wa wilaya. Na usikubali kila kipindi kilichokosa mwenyewe. Ukionekana kijana na hodari, utapewa mpaka michezo. Mimi ningekubali mkondo mmoja tu, wa asubuhi. Mchana ufungue darasa la ziada la hisabati, wazee wachangie wanachoweza.

Swali: wana chumba cha mwalimu? Kila siku Wete na kurudi hutoiweza.

Kijana_wa_Wete
Ahsanteni sana. Maalim, nimempigia mwalimu mkuu baada ya magharibi. Chumba kipo, aliyekuwa akikaa amehamishiwa Unguja. Umeme upo, mlango hauna kitasa, na mbu anasema ni wengi. Barua amekubali kuandika, ila ameniambia niiandike mimi yeye asaini. Mkondo wa asubuhi amekubali. Michezo ameitaja kweli, nikanyamaza.

Jumamosi nakwenda kukiangalia. Kuna mwenye neti asiyoitumia?

Bi_Chaki
Ninayo, ipite uichukue. Kitasa nunua Wete kabisa, usiende kukitafuta huko.

Nauli_Kwanza
Na michezo uikatae kabla hujashuka garini.