Sheria mpya ya watu wenye ulemavu na gati za Lamu: tuanzie wapi?

mwana_amu
Assalaam aleikum wakuu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2025 imefuta ile ya 2003, lakini gati bado ni ngazi na utelezi, na mwenye kiti cha magurudumu hubebwa kama mzigo. Chama chetu kinataka kupeleka ombi Bunge la Kaunti. Wengine wasema twende mahakamani moja kwa moja. Ombi laandikwaje lisitupwe, na rampu ya gati, yaani njia ya mteremko badala ya ngazi, tuitaje kwa vipimo gani?

karani_wa_zamani
Wa aleikum salaam. Kwanza jueni gati ni ya nani. Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti vivuko na bandari, ila si usimamizi wa meli za kitaifa na kimataifa. Lakini ikiwa gati yenu iko chini ya Mamlaka ya Bandari, kaunti itawajibu kwa mstari mmoja kwamba haiwahusu, na mwaka umekwenda.

Ulizeni kwa barua chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016: mwenye gati, michoro, fedha za matengenezo. Kiswahili chakubalika, na asiyeweza kuandika kwa sababu ya ulemavu, afisa anapaswa kumsaidia kuliandika ombi lake. Jibu ni ndani ya siku 21. Wakinyamaza, mlalamikie Tume ya Haki ya Utawala. Nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa, la sivyo hamna tarehe ya kuhesabia.

Ombi lenyewe lielekezwe kwa Karani wa Bunge, kwa lugha ya heshima, bila kufutwafutwa. Tajeni ofisi mlizokwisha kuziandikia na zilivyojibu, na kama jambo liko mahakamani au haliko. Kisha majina, nambari za vitambulisho, na sahihi au alama ya kidole gumba. Msiombe "haki zetu ziheshimiwe". Hilo limo tayari katika Kifungu cha 54 cha Katiba. Ombeni kinachopimika: gati fulani, mwaka fulani wa fedha.

fundi_wa_pwani
Kipimo cha kawaida cha rampu ni 1 kwa 12: kimo cha sentimita 60 chataka urefu wa mita 7.2. Sasa pigeni hesabu ya gati. Wakati wa bamvua, maji makubwa ya mwezi mwandamo na mpevu, tofauti ya maji kupwa na kujaa hufika mita 3 na kupita, kwa hiyo rampu ingekuwa mita 36. Mkimwaga zege la urefu huo, sehemu ya chini itaota mwani na boti itafikia mahali panapofaa kwa saa chache tu.

Itajeni hivi: jukwaa linaloelea, lililoshikwa na nguzo, likiunganishwa na gati kwa daraja lenye bawaba. Daraja la mita 18, maji yakishuka mita 3, huwa 1 kwa 6. Hapo mwenye kiti atahitaji mtu wa kumshikia, na lazima ombi liseme hivyo wazi, asije mhandisi akaahidi asichoweza. Upana usipungue sentimita 120, reli pande zote mbili, na kizuizi cha sentimita 10 chini ya reli ili gurudumu lisichopoke. Chuma kiwe cha kuzamishwa zinki, kisile kutu. Bawaba ndizo hufa kwanza, basi dai fungu la matengenezo la kila mwaka, si la ujenzi peke yake.

Milango ya Mji Mkongwe wa Lamu ni shauri jingine. Ni urithi wa dunia tangu 2001, hivyo ombeni mbao za mteremko za kuweka na kuondoa. Usitoboe ukuta wa matumbawe kabla ya kuonana na ofisi ya uhifadhi.

karani_wa_zamani
Na tarehe, wakuu! Mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa Bunge la Kaunti kufikia 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Gati isipokuwemo kwenye mpango wa Septemba, mwezi wa Mei mtakuwa mnabembeleza tu. Mahakama ipo, Kifungu cha 22 cha Katiba chamruhusu mtu kushtaki hata kwa niaba ya wengine, lakini barua zenye muhuri ndizo ushahidi wenu. Zitangulie.

mwana_amu
Shukran. Barua tutapeleka ofisi zote mbili, kaunti na Mamlaka ya Bandari, siku moja. Je, kwenye kikao cha maoni ya umma, mkalimani wa lugha ya ishara hulipwa na nani?

karani_wa_zamani
Kwa maoni yangu, aliyeitisha kikao. Mwandikieni mapema, mtaje viziwi ni wangapi na kama wanatumia Lugha ya Ishara ya Kenya.