Mikahawa ya Kisumu, ni nani huwaandikia hivi vibandiko vya kupasha pasta?

Wadau, nina hasira na sifichi. Kuna mkahawa mmoja hapa Kisumu, jina naliacha kwanza, unauza pasta ya krimu na kuku kwa shilingi 950, ile ya kubeba. Watu wawili hawaimalizi, kiporo lazima kibaki. Sasa someni walichobandika kwenye kifuniko: "Pasha kwa maikrowevu, moto wa juu kabisa, dakika 5."

Dakika tano! Kufungua mlango, mafuta ya manjano yameelea pembeni, jibini limeshikana madonge, tambi za juu zimekauka hadi zinavunjika. Na katikati bado baridi, eti.

Nikapiga simu. Dada aliyepokea akaniambia, "Madam, hiyo ni krimu asilia, lazima iachie mafuta."

Lazima ya wapi? Krimu ni mafuta na maji yaliyoshikana. Ukiipiga moto mkali inakatika, mafuta yanaenda kwao na maji kwao. Jibini nalo likizidiwa na joto linakaza. Tena tambi zikilala kwenye friji zinanyonya mchuzi wote, kwa hivyo ukipasha bila kuongeza chochote unapasha ukavu mtupu. Anayepika krimu kila siku hajui haya? Sufuria, moto mdogo, maziwa kidogo, unageuza taratibu mpaka yote ipate moto sawasawa, itoe mvuke bila kutokota. Kwa maikrowevu ni nusu ya nguvu, umefunika, na kila sekunde 30 hivi unatoa unakoroga. Maneno hayo yanaenea kwenye kibandiko hichohicho, na nembo yao (kubwa kuliko jina la chakula!) bado ipate nafasi.

Lakini kilichonipandisha mori hasa ni jibu la pili. Nilimuuliza, stima ikipotea usiku, na mnajua mambo ya stima huku kwetu, nifanyeje na kiporo? "Iache tu mezani, ukifunika haina shida, asubuhi utapasha."

Kwa joto hili la Kisumu? Kuku na maziwa, usiku kucha? Chakula kama hicho hakifai kukaa nje zaidi ya saa 2. Na mtu asiniambie moto unaua kila kitu. Kuna bakteria wa vyakula vya wanga, Bacillus cereus, na sumu yao moja hata uichemshe vipi haiondoki. Mimi nina mtoto mdogo nyumbani. Ningemsikiliza huyo dada, saa hizi ningekuwa kwenye foleni ya hospitali.

Nikawatumia picha kwa WhatsApp. Wamenirudishia emoji ya mikono iliyokunjwa, na chini yake menyu ya wikendi.

Sitaki menyu. Nataka kibandiko kibadilishwe na wanaopokea simu wafundishwe cha kumwambia mteja. Mwenye mkahawa, kama umo humu, namba yangu mnayo kwenye oda ya Jumamosi.