Mjadala: "Fidia stahiki" ifasiliwe ndani ya mkataba, au iachiwe sheria?

Mwana wa Bihawana
Mbukwenyi, ndugu zangu. Mkandarasi anayetafuta njia ya malori yake kupita kwenye mashamba yetu ya mizabibu ametuletea mkataba wa kurasa 4, na kifungu cha malipo kina sentensi moja tu: "Mkandarasi atawalipa wenye mashamba fidia stahiki kwa mazao yatakayoharibika." Baba yangu ameshaweka dole gumba, mimi na majirani sita bado hatujasaini. Wapo wanaosema sentensi hiyo inatosha kwa kuwa sheria za nchi zinajua fidia ni kitu gani, na wapo tunaoamini kwamba neno lisilofafanuliwa siku ya kusaini hufafanuliwa na mwenye fedha siku ya kulipa. Je, mkataba ueleze fidia ni ya nini na inahesabiwaje, au tuiachie sheria?

Mthamini Mstaafu
Iachieni sheria. Kanuni za mwaka 2001 za uthamini wa ardhi kwa ajili ya fidia zimeshataja kila kitu: thamani ya soko, posho ya usumbufu, posho ya usafiri, posho ya makazi ya miezi 24 na hasara ya faida. Nilianza kazi hii enzi za CDA, ile Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu hapa Dodoma, kabla haijavunjwa mwaka 2017, na nimewaona wananchi waliojitungia vifungu vyao wakiambulia pungufu ya kile ambacho sheria ingewapa. Kuhusu mizabibu msihangaike, kwani mzabibu ni zao kama mtama: eneo lililoharibika linapimwa, mwenye shamba analipwa, kazi inaendelea.

Mama Zabibu, Hombolo
Shikamoo mzee wangu. Nimeyasoma maneno yako mara tatu nikidhani labda sijakuelewa. Mtama ukikanyagwa, mvua za Desemba zikirudi napanda tena. Shamba langu la mizabibu nilichimba mashimo kwa mkono, nikajaza samadi, nikasimamisha nguzo na kuvuta waya, nikamwagilia kwa ndoo mwaka mzima bila kuonja kichala kimoja. Mavuno ya maana niliyaona mwaka wa pili, na tangu hapo mashina yaleyale yananipa mavuno mara 2 kwa mwaka. Lori likilivunja shina pale chini, limeondoka na zabibu za msimu huu, za msimu ujao, na za miaka yote ambayo mche mpya utakuwa bado unakua. Ukiniambia hilo ni sawa na mtama, unaniambia jasho langu halina jina.

Wakili wa Uhindini
Kwa heshima ya mzee wetu, naomba kusahihisha mawili. Posho ya makazi ni kodi ya pango ya miezi 36 kwa bei ya soko, wala si miezi 24. La pili ndilo kubwa: kanuni hizo zinahusu ardhi inayotwaliwa na Serikali, ilhali mkataba huu ni wa mkandarasi na wenye mashamba wenyewe kwa hiari yao. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 73, inampa fidia mtu aliyepata hasara kwa sababu mwenzake amevunja mkataba. Lori litakalopita juu ya mizabibu kwa ruhusa mliyoisaini litakuwa halijavunja chochote. Kwa hiyo hicho mnachokiita fidia ni bei ya ruhusa yenu, na bei isiyoandikwa hakuna sheria itakayokuja kuwaandikia. Lakini mjihadhari pia na kutaja kiasi ovyo, kwa maana mkitaja kiasi kitakacholipwa endapo mkataba utavunjwa, kifungu cha 74 kinakifanya kiwe ukomo: mahakama itawapa kiasi kinachofaa, ila haitavuka mlichotaja wenyewe. Andikeni njia ya kuhesabu.

Mthamini Mstaafu
Marahaba mwanangu wa Hombolo. Sikusema mzabibu hauna thamani, na si vyema kunilisha maneno. Nimetembea mashamba ya mkoa huu kabla wengi humu hamjazaliwa. Mthamini yeyote aliyesomea kazi yake hutenganisha mazao ya msimu na mazao ya kudumu. Ya msimu huyahesabu kwa ekari, ya kudumu kwa shina na hatua ya ukuaji.

Mwalimu wa Mvumi
Mzee, juu umesema linapimwa eneo, na sasa unasema linahesabiwa shina. Iwapo mtaalamu wa miaka mingi ametumia neno "zao" kwa maana mbili ndani ya mjadala mmoja, mkandarasi atalitumia kwa maana ipi atakapofungua pochi? Na hiyo sheria mnayotaka tuiachie yenyewe haikuyaacha maneno yake yaelee. Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016 inasema fidia ilipwe kwa wakati, kisha inaeleza kwamba kwa wakati maana yake ni ndani ya miezi 6 tangu Mthamini Mkuu wa Serikali aidhinishe uthamini, na ikizidi hapo inadaiwa riba. Bunge lililoketi hapahapa Dodoma liliona maneno "kwa wakati" peke yake hayatoshi. Sisi tunaridhikaje na "stahiki"? Ila niseme ukweli hata kama unauma: wanaotuponza ni wazee wanaoweka dole gumba kwenye kila karatasi inayoletwa na gari jeupe.

Mwana wa Bihawana
Mwalimu, hapo umemgusa baba yangu, na sitanyamaza. Hakuweka dole kwa ujinga. Alisomewa mkataba chini ya mwembe, kwanza kwa Kiswahili, kisha kwa Kigogo, mbele ya mjumbe. Akauliza swali moja tu, "Na mashina je?" Aliyekuwa akisoma akamjibu kwamba mashina yamo, kwa sababu mazao ni kila kinachoota. Mzee ambaye hajui kusoma ndiye pekee aliyeuliza swali tunalolijadili leo.

Mwalimu wa Mvumi
Namwomba radhi mzee, na wewe pia. Hata hivyo jibu alilopewa halimo kwenye karatasi.

Binti wa Kongwa
Niliwahi kuachishwa kazi nikapiga hesabu ya kiinua mgongo kwa kutumia mshahara wangu wote pamoja na posho, nikawa nimeshamwahidi fundi bati. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, isizidi miaka 10, na "mshahara wa msingi" umefasiliwa humohumo. Nililia, lakini sikuwa na wa kugombana naye, kwa kuwa kila neno lilikuwa na maana yake tangu siku ya kwanza. Baba yake Mwana wa Bihawana anastahili angalau hilo: ajue leo atapata nini, hata kama ni kidogo.

Wakili wa Uhindini
Dada wa Kongwa amenisaidia kusema. Na lile jibu la chini ya mwembe lina thamani, ila ni vigumu maneno ya mdomo kuongeza au kubadili kilichoandikwa. Njia salama ni nyongeza ya mkataba, isainiwe na pande zote, mzee naye aweke dole lake juu ya neno "mashina" akiwa amesomewa upya.

Mwana wa Bihawana
Tumekaa jana usiku na majirani, tukaandika hivi: "Fidia maana yake ni malipo kwa kila shina la mzabibu litakaloharibika, yakijumuisha (a) gharama ya kuotesha shina jipya, pamoja na nguzo, waya na maji, (b) thamani ya mavuno yatakayokosekana hadi shina jipya lifikie mavuno ya shina lililoharibika, kwa bei ya shambani ya msimu uliotangulia, na italipwa ndani ya siku 30 tangu uharibifu kuthibitishwa na pande zote mbele ya mtendaji wa mtaa." Mzee wa uthamini, tafadhali ipitie bila kutuonea haya.

Mthamini Mstaafu
Nimeipitia. Kipengele (b) kinahitaji idadi ya misimu, la sivyo mtabishana shina "limefikia" lini. Andikeni misimu mnayoweza kuitetea kwa kumbukumbu za mauzo yenu. Pia mmesahau jambo ambalo limewapotezea watu haki mbele ya macho yangu: hesabuni mashina kabla ya lori la kwanza, safu kwa safu, mkandarasi akiwepo, picha zipigwe, orodha isainiwe. Katapila likishapita hakuna shina la kuhesabu.

Mwana wa Bihawana
Asante sana mzee wangu. Tunaanza Jumamosi asubuhi, na baba amesema atahesabu safu zake mwenyewe. Kuna safu moja kando ya korongo ambayo mashina yake yalipogolewa juzi na kwa mbali yanaonekana kama vijiti vikavu. Hiyo tutaianza kwanza, majani yakiwa bado hayajachipua, ili akiuliza mtu kama yako hai tumwonyeshe utomvu unaodondoka kwenye mkato.